Hesabu Arobaini kwa Dakika Tano

Jumatatu, 3 Juni
Barua imetoka shuleni. Darasa la tatu watapewa hesabu arobaini za kujumlisha na kuzidisha, dakika tano tu, Ijumaa ya tarehe 14. Asiyefikisha thelathini na tano atahamishiwa darasa la pili kila kipindi cha hesabu, mpaka shule ifungwe. Binti yangu ameisoma mwenyewe. Tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi, hata akipiga mswaki. Leo kimya tangu alipotoka shule mpaka chakula cha jioni. Kisha akauliza kama wale wadogo watamcheka. Moyo umeniuma. Nikamwambia aniachie mimi. Natengeneza saa mwaka wa ishirini huu. Dakika tano ni nani mbele yangu?

Mke wangu akasema kutengeneza saa ni kitu kimoja na kufundisha hesabu ni kingine. Nimempuuza. Nimeandika karatasi ya mazoezi kwa wino wa rangi mbili. Imenichukua saa tatu. Inapendeza kama kadi ya harusi.

Jumanne, 4 Juni
Zoezi la kwanza. Nilisimama nyuma yake na saa ya kupimia mbio, nikitangaza kila nusu dakika. Dakika kumi na mbili na sekunde kumi! Kwa nini? Saba jumlisha nane anaijua, nilishamsikia akiijibu huku anaruka kamba. Lakini kila nikitangaza anashtuka na kuanza upya. Halafu meza ilikuwa inatikisika. Nikaingia chini yake na tochi. Vidole vya miguu! Vya mikono vikimwishia anahamia huko. Ni akili, lakini ya polepole. Nikamvalisha viatu. Dakika kumi na sita. Nikamvua.

Mke wangu, ambaye ni muuguzi, alirudi kutoka zamu akanikuta bado chini ya meza. Akauliza nimeangusha nini. Nikasema nafanya utafiti.

Alhamisi, 6 Juni
Dakika nane. Nasema, nane! Mke wangu anashauri hesabu chache kila siku, za aina mbalimbali, bila saa. Bila saa! Ni kama kumshauri mwokaji aache tanuri.

Jumamosi, 8 Juni
Dakika mbili na sekunde arobaini, na zote sahihi. Sikuamini. Nikaifanya mimi mwenyewe: dakika nne, makosa mawili. (Taa ilikuwa hafifu.) Nimempigia simu shemeji, kaka wa mke wangu, yule mfamasia, ambaye kila akija lazima tusikie sifa za binti yake. Nikamkaribisha chai kesho, aje na maswali yake.

Jumapili, 9 Juni
Balaa.
Shemeji alikaa, akachanganya sukari, akamuuliza Chiriku sita mara nne. Chiriku akafumba macho, akatiririka: kumi na saba, tisa, ishirini na nne, thelathini na tano, kumi na moja... Hakukoma mpaka majibu arobaini. Nilijaribu kutetea kwamba ishirini na nne imo, ni ya tatu. Shemeji alicheka mpaka chai ikamwagika. Nilitamani ardhi inimeze.

Chiriku alikimbilia chumbani. Nikamfuata mlangoni, na kutoka ndani akaniambia kwamba karatasi ni ile ile kila siku, na yeye alidhani ninachotaka ni aijue karatasi. Akauliza kama nimemkasirikia. Nilimwambia hapana. Niliona aibu, na si kwa sababu ya shemeji.

Jioni udadisi ukanizidi. Nikamwomba aijibu karatasi ikiwa imegeuzwa juu chini. Dakika mbili na nusu. Nakiri nimemvulia kofia.

Jumatatu, 10 Juni
Nimewaza kutwa nzima dukani. Tatizo ni hofu. Je, ujasiri unaweza kutengenezwa kwa bisibisi? Nimefungua ile saa ya ukutani ya sebuleni na kuipunguza kasi. Dakika zake tano sasa ni sita za kweli. Mtoto ataona anakwenda mbio, atajiamini, hofu itakwisha. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 11 Juni
Sikufikiria kwamba saa ile itaendelea kuchelewa usiku kucha. Mke wangu huitazama akiwa anavaa. Amefika hospitali amechelewa kwa saa moja na nusu, akapewa maneno mbele ya wenzake. Aliporudi hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Akapanda kiti, akaitoa saa ukutani, akaifungia kabatini pamoja na ile ya kupimia mbio. Akasema mtoto ana siku tatu, na siku hizo ni zake. Mimi nisiingie.

Jumatano, 12 Juni
Sikuingia. Nilisimama nje ya mlango. Mama yake anamsuka nywele, na kila akianza msuko mpya anamuuliza hesabu moja. Saba na saba? Kumi na nne. Basi saba na nane? Kumi na tano, na kicheko. Tatu anazozijua, moja asiyoijua. Chiriku akikosea wanaifanya tena, wala hakuna anayetangaza chochote. Dakika tano hivi, basi, wameondoka. Hiyo ndiyo nini? Mbona vidole vya miguu vimetulia? Nimeandika maswali saba kwenye daftari la duka.

Ijumaa, 14 Juni
Thelathini na nane! Dakika nne na sekunde hamsini! Nilimngoja nje ya shule; alikuja akikimbia tangu langoni, anaongea kabla sijamwona. Nimembeba, nimelia, sioni haya kuandika. Anabaki darasa la tatu.

Kisha akanieleza, taratibu kabisa, kama anayemweleza mgonjwa dawa zake, kwamba aliweza kwa sababu alijisemea anasukwa na mama, akasahau kuna saa.

Nimelitafakari hilo hapo hapo. Akasahau kuna saa! Na nani aliyemzoesha saa mpaka akaweza kuisahau? Mimi. Mbinu imefanya kazi, ilihitaji muda tu kuingia mwilini. Nimewaeleza wazazi wengine pale langoni na watano wamekubali papo hapo. Tunaanza Jumatatu, sebuleni kwetu, kila mtoto na saa yake mezani, na mimi nyuma yao nikitangaza. Safari hii kila robo dakika.

Mke wangu bado hajaambiwa.