Oda Zimejaa Hadi Pasaka

Jumatatu, 1 Desemba

Nimeamua! Kungoja mteja apite mlangoni ni biashara ya watu wa zamani. Ni biashara ya Mutisya. Huyo ni fundi wa nguo kama mimi, kibanda chake kinatazamana na changu hapa Shauri Moyo, na katikati pana ujia mwembamba tu. Simu yake ni mulika mwizi, ile ya tochi na kupiga tu. Hana ukurasa, hana picha, hana hata kibao chenye jina. Na bado benchi lake limejaa! Nimejaribu kuelewa, nikaacha.

Kuanzia leo mimi si Wakoli fundi. Mimi ni Wakoli Mitindo ya Kifalme, mtandaoni.

Oda ya kuanzia ninayo. Awuor, mke wangu, amenipatia kazi ya sare za akina mama wa kanisa lao, kule Kaloleni. Akech, binti wa mwenyekiti wao, anaolewa Jumamosi ya tarehe kumi na tatu. Mafundi waliotajwa ni wawili, mimi na Mutisya. Awuor akasimama mbele ya wenzake, akasema mume wake anamjua, hatawaangusha. Nasikia hata aliapa. Kwa hivyo nikiharibu, anayeaibika ni yeye, na marafiki wake wote wako kwenye kikundi hicho. Sitaharibu.

Mama Akech, mwenyekiti mwenyewe, amekileta kitenge jioni ndani ya gunia la viazi. Alifunga mlango kabla ya kulifungua. Zambarau, maua ya dhahabu. Kizuri sana! Akaniambia kisionekane na mtu yeyote hadi siku yenyewe. Hilo kila mtu analijua, sare ya harusi haionyeshwi. Akina mama wa upande wa bwana harusi, wa Makongeni, nao wana yao, na kila upande unataka kuuzima mwingine. Nikamwambia siri yake iko kaburini. Hakulipenda neno kaburi.

Jumanne, 2 Desemba

Wafuasi: sita. Mmoja ni mimi.

Nimekwenda kwa Jimale, anayeuza simu na kava pale pembeni. Akasema wafuasi hununuliwa kama nyanya, ni kuchagua fungu tu. Pesa za kununua zipu za sare nilikuwa nazo mfukoni. Nikafikiri. Gikomba kuna zipu za bei ya chini, zinauzwa kwa rundo. Zipu ni zipu. Nani huangalia zipu?

Kufikia mchana nina wafuasi elfu tano! Majina yao siwezi kuyasoma. Mmoja ameniandikia kwa herufi ambazo sijawahi kuziona. Nikamjibu karibu sana, tuko nyuma ya soko la Gikomba, uliza Wakoli. Hajajibu. Jimale anasema hao wanaishi mbali. Nikamuuliza mbali kiasi gani, akasema hata ndege hupumzika njiani. Haidhuru. Mutisya ana wafuasi wangapi? Hana!

Jumatano, 3 Desemba

Mzee Obura, karani wa reli, alikuja asubuhi kujaribu suti yake ya harusi. Ilimkaa! Akageuka mbele ya kioo, akacheza kidogo, akachuchumaa na kuinuka bila kushika kitu. Nikamchukua video. Chini yake nikaandika: "Ukivaa Wakoli, hata mgongo unapona!" Ilikuwa mbwembwe tu. Kuhusu mgongo wa Mzee Obura sikujua lolote.

Sasa najua. Yuko nyumbani wiki ya pili kwa ruhusa ya daktari, kwa sababu ya mgongo. Mkubwa wake ameiona video. Ameiwekea alama ya moyo, kisha akamwita ofisini. Mzee Obura alirudi jioni, akaitupa suti mezani, akasema niivae mimi nikajieleze huko. Mutisya alisikia kila neno. Akaongeza kasi ya cherehani yake ili aonekane hasikii. Heshima yake hiyo iliniuma kuliko kama angecheka.

Sirudi nyuma.

Alhamisi, 4 Desemba

Mpango mpya. Watu huamini sifa za mteja. Wateja wangu hawana muda wa kunisifu, basi nitawasaidia. Nimefungua akaunti ya pili, Malaika wa Donholm. Msichana mrembo, picha nimeitoa kwenye kalenda. Malaika akaandika: "Fundi Wakoli ni moto! Alinishonea gauni la harusi, mume wangu aliponiona akalia machozi."

Lakini nilisahau kutoka kwenye akaunti yangu. Maneno yametokea chini ya jina langu, na picha yangu, na masharubu yangu.

Mmoja ameandika: "Buda, uliolewa lini na hatukuitwa?" Mwingine: "Si hata mimi ningelia." Nimefuta, lakini watu walikuwa wamepiga picha. Awuor ameonyeshwa kwenye kioski cha maziwa. Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza sare zimefika wapi. Nikamwambia niko mbali sana.

Sijaanza.

Jumamosi, 6 Desemba

Sare ya kwanza imekamilika. Niseme ukweli, mikono yangu inajua kazi. Nimeivika sanamu nikakaa nikiitazama kama mtoto wangu.

Halafu wazo! Nitaionyesha bila kuionyesha. Nikachukua video ya ncha ya mkono tu, upana wa kiganja, nikizunguka polepole. Nikaandika: "Kuna kitu kinakuja." Siri ya Mama Akech iko salama, na watu wanatokwa na mate. Nani mwingine hapa Shauri Moyo angefikiria hilo?

Kufikia saa nane simu ilikuwa moto mfukoni. Watu halisi! Wa Nairobi! Mmoja akaandika: "Hiyo gauni iko kwa kioo ni noma!" Kioo? Kioo gani? Nikaitazama tena. Nyuma ya mkono wa gauni kuna kioo cha wateja. Ndani ya kioo kuna sanamu. Kwenye sanamu kuna sare yote, mbele na nyuma, kwa sababu nilizunguka.

Nilitaka kufuta. Kidole kilikuwa pale pale. Lakini hesabu ilikuwa inapanda! Nikasema niiache hadi saa kumi. Saa kumi ikafika, nikasema hadi jioni. Akina mama wa Kaloleni Jumamosi wako kwenye maombi, simu zao zimezimwa.

Na mteja wa maana amepatikana. Anajiita Nzembi wa Makongeni. Jina la mtaa lilinishtua kidogo, lakini Makongeni ina watu wengi. Ana lugha ya adabu sana. Aliuliza kitenge kile kinapatikana wapi. Biashara makini humjibu mteja. Nikampa jina la duka Eastleigh, yadi za kila mtu, hata namna ya kukata shingo. Akauliza kama naweza kukishonea kikundi chake. Hapo nikakumbuka neno jingine aliloniambia Jimale, kwamba fundi anayegombewa ndiye anayetafutwa. Nikaandika: "Samahani, oda zimejaa hadi Pasaka." Akaomba nimwelekeze kwa fundi mwingine wa karibu. Sikujibu. Sitangazi watu.

Video nimeifuta jioni. Hakuna aliyeona.

Jumanne, 9 Desemba

Mutisya ametundika shuka mlangoni! Haoni mtu na haonekani. Ameleta na mafundi wawili wa kumsaidia, nasikia cherehani tatu zikinguruma mle ndani. Nimemwambia Awuor kwamba jamaa ameona aibu ya kupitwa na wakati, na bila shaka anashona mapazia ya shule fulani. Awuor akasema fundi anayetundika shuka ana sare ya watu ndani. Kisha akageuka akautazama mlango wetu.

Sisi hatuna shuka.

Ijumaa, 12 Desemba

Zimekwisha zote! Zipu za Gikomba zinafunga vizuri mradi mvaaji asivute pumzi sana. Nimewashauri akina mama wasimame wima, ndiyo mitindo ya kifalme.

Awuor alivaa yake hapa nyumbani, akazunguka mara moja. Alipendeza kama mwaka ule nilipomuona kwa mara ya kwanza. Akaniambia asante, hujaniangusha. Nilifurahi hadi nikashindwa kula.

Jumamosi, 13 Desemba

Niandike haraka kabla sijapoteza nguvu.

Hema zilikuwa Kaloleni, geti la mabati limewekwa kwa ajili ya leo. Desturi ni moja. Watu wa bwana harusi wakija kumchukua bibi harusi, akina mama wa nyumbani hufunga geti, huimba, na wageni hawaingii hadi waombe na kutoa kitu. Nusu ya kikundi chetu walikuwa getini. Mama Akech na wengine walikuwa saluni.

Gari likasimama nje. Wakashuka akina mama waliovaa zambarau na maua ya dhahabu. Shingo niliyoikata mimi! Wetu wa getini wakachungulia kwenye tundu, wakaona zambarau tu, wakadhani ni Mama Akech na wenzake wamerudi kutoka saluni. Wakafungua kwa vigelegele. Watu wa Makongeni wakaingia wote bila kuomba, bila kuimba, bila kutoa hata leso.

Kisha Mama Akech akafika. Wakamfungia bila kuchungulia, wakidhani sasa ndio wageni wamefika. Alisema yeye ndiye mama wa bibi harusi. Wakamwambia wote husema hivyo, aimbe kwanza. Aliimba! Kwenye geti lake mwenyewe, nywele zimetoka saluni, jua linawaka.

Huko ndani mambo yaliharibika zaidi. Mpishi alimkamata mmoja wa zambarau, akampa kisu na ndoo ya vitunguu. Alikuwa mama mzazi wa bwana harusi. Mkwe jikoni! Wazee walisimama wakashika vichwa.

Watu wakaanza kusukumana, na hapo zipu zangu zikaanza. Pa! Pa! Pa! Kama bisi kwenye sufuria. Pini zikasambazwa. Mshereheshaji akapata suluhisho, akatangaza kwenye kipaza sauti: "Wenye pini mgongoni ni wa hapa nyumbani. Wenye zipu zinafunga ni wageni wetu, wapewe viti." Kuanzia hapo hakuna aliyechanganya upande hadi keki. Mutisya, ambaye ndiye aliyewashonea wale wa Makongeni, alikaa pembeni akila pilau bila kuinua kichwa.

Yule mama wa bwana harusi akanijia, macho mekundu kwa vitunguu. Akajitambulisha. Nzembi. Akanishukuru mbele ya Mama Akech kwa kumwelekeza dukani na kumfundisha shingo. Akasema kwamba kwa kuwa nilijaa hadi Pasaka, alikuja mwenyewe Shauri Moyo akaulizia, akaonyeshwa fundi wa ng'ambo ya ujia.

Awuor alikuwa amesimama hapo hapo. Mkono mmoja ulikuwa nyuma, ameshika gauni lisifunguke. Niliona aibu. Humu naweza kuliandika.

Jumapili, 14 Desemba

Awuor alikwenda kanisani akarudi mapema. Hakutukanwa na mtu. Alikuta mahali pake kwenye benchi pamewekwa mikoba, na hakuna aliyeiondoa. Akakaa nyuma na wageni.

Alilia akikata sukuma wiki. Akasema aliapa kwa ajili yangu. Akasema nitazungumza na Mama Akech kwa mdomo wangu, ana kwa ana, na nisiposti chochote kuhusu jambo hili. Nimeahidi. Nimeahidi kwa moyo wangu wote.

Jumapili, 21 Desemba

Mama Akech anakuja kunywa chai!

Awuor amemwomba wiki nzima. Akikubali msamaha wangu leo, ile mikoba itaondolewa kwenye benchi. Mama Akech ameweka sharti moja. Ana mengi ya kusema kuhusu wale wakwe, hasa mama wa bwana harusi, na anataka yabaki humu ndani. Ni haki yake. Nimemwambia Awuor asiwe na wasiwasi.

Shati nimepiga pasi. Maneno ya kuomba msamaha nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo, na lazima niseme yamekuwa mazuri mno. Yanagusa. Nimejiliza mwenyewe. Ni hasara yasikiwe na mtu mmoja. Wateja wanataka fundi anayekubali kosa. Mutisya amewahi kuomba msamaha mbele ya watu? Hajawahi! Hana hata kosa la kuanzia.

Simu nimeisimamisha nyuma ya chupa ya chai, inaona kochi lote. Ahadi yangu iko pale pale, siposti kitu. Hii ni laivu, inaonekana moja kwa moja. Ikiisha imeisha, kama mazungumzo ya kawaida tu.

Hodi imebishwa. Awuor anafungua mlango, anatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hii. Mama Akech ameanza kuongea hata kabla ya kuketi. Na mtazamaji wa kwanza ameshaingia! Ni mteja wangu mwaminifu, Nzembi wa Makongeni.