Uzio Uliokata Fungate Yetu Katikati

Mheshimiwa Mkuu wa Ulinzi wa Kisiwa,

Na kingine, ambacho sikukimaliza pale getini kwa sababu askari wako alinifungia kidirisha mdomo wangu ukiwa bado wazi, ni kwamba mimi ni bibi harusi mbichi kabisa. Bibi harusi hakatizwi.

Najua sikukuu hizi kisiwa kilipata mgeni mkubwa, na wakubwa hupumzika vizuri wakizungukwa na bunduki. Simwonei kijicho. Lakini na sisi tulikuja kupumzika: mume wangu, wazazi wake, wifi yangu na mimi, kwa safari aliyotuzawadia baba mkwe. Kwa heshima na taadhima, nalalamika hivi:

1. Tuliposhuka botini, askari wako alifungua begi langu, akainua gauni langu jipya la kulalia juu kama bendera, akauliza, "Hii nayo ni nini?" Baba mkwe akageuka kutazama bahari. Hadi leo nikimsemesha hugeukia dirishani, na huku kwetu bahari hakuna.

2. Niliulizwa jina la mume wangu. Tangu tuoane namwita Roho, kwa hiyo nikajibu Roho. Yeye, kwenye meza ya pili, akaulizwa jina la mkewe, akasema Kipenzi, kwa ile sauti yake ya kulainisha mawe. Askari akatazama vitambulisho, akatutazama sisi, akasema, "Nyie hamjuani." Nilimfafanulia kwamba jina la kwenye kitambulisho ni la serikali, la mke ni lile analoitwa na mumewe. Akanijibu, "Dada, usinipandishe presha. Kushoto!" Mama mkwe, badala ya kututetea, alicheka mpaka akakalia mizigo ya watu.

3. Kushoto, kumbe, ni kwa wanawake wasio na waume. Kanuni yenu ya sikukuu ni kwamba wasiooana walale pande mbili, waya katikati. Basi fungate yangu nimelala kitanda kimoja na wifi, ambaye usingizini hupiga mateke kama anagombea kombe.

4. Hata kuzungumza uzioni tulisimamiwa. Roho aliponinong'oneza neno, askari akasema, "Rudia, sijasikia." Maskini akarudia. "Na lile la mwisho?" Akalirudia na lile la mwisho. Wifi akapiga makofi kwa furaha, askari wanne wakajitupa chini wakidhani ni risasi, na aliyeandikiwa onyo ni mimi.

5. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Askari yule aniombe radhi, kwa sauti, na lile la mwisho alirudie. Fungate yangu irudishwe yote. Ikishindikana, mgeni wenu naye atenganishwe na mkewe, na huyo mama nitampa wifi yangu walale pamoja. Mateke hayajui cheo. Na uzio ule ung'olewe hadi nguzo ya mwisho, usisimamishwe tena popote penye watu waliooana.

Msalimie mkeo, kwa jina unalomwita mkiwa wawili. Wasalimie askari wote, hata wa kidirisha. Mama mkwe anakusalimu, bado anacheka.

Ni mimi, mwenye mapenzi na malalamiko,
Kipenzi wa Roho

Nyongeza: Barua hii nimemsomea Roho. Hakusikia, alikuwa anatazama mpira. Kule kisiwani alisimama uzioni tangu chai ya asubuhi hadi jua kuzama, akinimenyea machungwa na kunipitishia kipande kimoja kimoja kwenye tundu za waya, mikono imemchubuka, macho hayabanduki kwangu. Hapa nyumbani kinachotutenga ni mto wa kochi tu, na sasa hivi ameniomba nisogee, namziba. Mheshimiwa, nakusihi, uzio usiung'oe. Tunakuja kabla mwezi haujaisha, na safari hii familia inabaki nyumbani. Ni mimi na yeye tu, mmoja huku, mmoja kule.