Majaribio 184 ya Kisanduku cha Breki

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimepewa kazi kubwa. Tata Kabasele, mkubwa wetu hapa karakana ya Manika, anataka programu mpya ya kisanduku cha breki ipimwe yote kabla ya Ijumaa, siku ya kuijaribu kwenye lori lenyewe. Kisanduku hufungwa kwenye malori ya mgodi. Lori likirudi nyuma na mtu yuko karibu, programu inafunga breki yenyewe. Majaribio 184. Mushiya ndiye aliyeiandika, kwa hiyo haruhusiwi kuipima. Napima mimi. Kiti cha mkuu wa ubora kiko wazi. Mushiya anakitaka. Mimi nakitaka zaidi. Nitamaliza Jumatano, wote washangae.

Jumanne, 4 Machi

Majaribio tisa tu tangu asubuhi. Kuna moja ambalo kisanduku lazima kikae saa nne nzima ndani ya tanuri kwanza. Nani alibuni mambo haya? Nikamuuliza Mushiya amebadilisha nini kwenye programu. Akasema mistari michache. Nikashtuka kwa akili yangu mwenyewe. Kama ni mistari michache, majibu ya kupima programu ya zamani bado ni ya kweli. Nimeyanakili yote 175 yaliyobaki. Kalamu tatu tofauti, ionekane kazi ya siku nyingi. Ukurasa wa sita nimeumwagia chai kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Nimekabidhi. Tata Kabasele alinipa mkono mbele ya watu wote. Mushiya alifunua karatasi, akauliza kwa sauti ya chini kama kweli jaribio la 97 limepita. Ni lile la kukata waya wa kihisi, kile kinachomwona mtu. Waya ukikatika, breki lazima ifunge. Nikamwambia nilikata mara mbili, ikafunga mara mbili. Akairudisha karatasi mezani. Wivu huo. Nimepiga pasi koti.

Alhamisi, 6 Machi

Mwandiko wangu leo ni mbaya.

Niliitwa ofisini. Nikavaa koti. Kumbe Mushiya, kwa ruhusa ya Tata Kabasele, alificha makosa matano ndani ya programu, makusudi, aone kama upimaji wetu utayakamata. Sikukamata hata moja. La 97 limo: waya ukikatika, breki haifanyi kitu.

"Tata Ntambwe," Mushiya aliniuliza, "ulipima na nini?"

"Na macho," nikasema. Hakuna aliyecheka.

Kisha mlango ukafunguliwa. Tata Kyungu, yule anayeongoza malori yakirudi nyuma. Ndiye aliyepangwa kusimama nyuma ya lori kwenye jaribio la Ijumaa. Alikuwa hajasikia lolote. Alivua kofia, akanisalimia kwa mikono miwili.

"Banasema we njo unapimaka," alisema, yaani mpimaji ndimi. "Basi tata, mi nikisimama pale, lori itasimama?"

Nikaangalia viatu vyake. Cha kushoto kimeshonwa kwa waya.

Mushiya ndiye aliyemjibu. "Hapana, tata. Kesho hautasimama pale."

Ijumaa, 7 Machi

Tulikwenda uwanja wa majaribio. Mushiya aliacha programu ileile niliyoipitisha, akakata waya wa kihisi. Mahali pa Tata Kyungu waliweka magunia ya mchanga, wakayavisha fulana yake ya rangi ya machungwa. Lori likaanza kurudi nyuma. Mita nane. Sita. Mbili. Niliingoja breki. Niliandika kwa mkono wangu kwamba itafunga. Lori halikupunguza hata mwendo. Gunia la juu lilipasuka na fulana ikazunguka na tairi.

Tata Kyungu alikaa chini kwenye vumbi. Nami nikakaa karibu naye. Hakunitukana. Aliniambia tu ana batoto sita, na wa mwisho hajaanza kutembea.

Sijala kitu tangu jana.

Jumamosi, 8 Machi

Mushiya ni mkuu wa ubora. Nilijua nafukuzwa, nikakusanya vitu vyangu. Sikufukuzwa. Tata Kyungu mwenyewe aliniombea. Alimwambia Tata Kabasele kwamba mtu aliyeona gunia lile atapima vizuri kuliko mgeni. Nimelia kweli, mbele yao. Nimeapa kurudia majaribio yote 184, moja baada ya jingine, kwa mikono yangu.

Mushiya alipokea kiapo changu vizuri. Akaongeza kwamba kuanzia sasa ndani ya kila programu yatafichwa makosa mapya, na mpimaji hataambiwa ni mangapi.

Nimewaza jambo hilo mchana wote. Makosa yakifichwa, lazima kuna orodha. Orodha inatunzwa na Jocelyne, karani wa kumbukumbu. Jocelyne anapenda mikate ya moto, ile ya kukaanga kwa Mama Falonne. Jumatatu nitampelekea sita, nimsalimie vizuri, nimuulize habari za nyumbani. Nikishajua makosa yako wapi, sioni sababu ya kuyapima yale mengine.