Sungura, Mpira na Jibu la Mdogo Wangu

Jumatatu, 3 Juni
Tumealikwa chuo kikuu! Yaani, ameitwa mdogo wangu. Mimi na Mama tunamsindikiza. Kuna watafiti wanaochunguza jinsi akili za watoto zinavyokua. Mama anafurahi kwa mdomo tu. Mdogo wangu ana miaka minne na bado anatoa neno moja moja, kama mtu anayelipia kila moja. Mama amenong'ona: wakimkuta ana kasoro, je? Nimemwambia aniachie mimi. Namshukuru Mungu kwa maktaba ya shule.

Jumanne, 4 Juni
Kitabu cha maktaba kimeeleza mchezo wanaowapimia watoto. Sungura wa kitambaa anaweka mpira kikapuni, anatoka. Dubu anauhamishia sandukuni. Sungura akirudi, atautafuta wapi? Watoto wadogo hujibu sandukuni, kwa sababu wao wanajua uliko. Wakubwa kidogo hukumbuka kwamba sungura hakuona. Jibu: kikapuni! Nimemkaririsha mdogo wangu nyuma ya mlango wa jikoni. Akipatia, biskuti. Mtoto wa jirani alikwenda huko mwezi uliopita, na mama yake mpaka leo anatembea kifua mbele. Tutaona!

Alhamisi, 6 Juni
Aibu! Sijui niingie wapi.

Chumba kidogo, zulia, kamera pembeni. Mtafiti, mwanamke mpole mwenye soksi zisizofanana, alimvisha Mama miwani nyeusi ili mtoto asisome jibu machoni mwake. Mimi hakunivisha. Uzembe wake. Akamuuliza mdogo wangu jina. Kikapuni. Amekuja na nani? Kikapuni. Mchezo ukaanza: safari hii kijiko kilitoka kikombeni kikahamishiwa kwenye droo. Kikapu hakuna hata cha dawa! Nikaelekeza nyusi kwenye kikombe. Nikakohoa. Nikapepesa macho hadi mtafiti akaniuliza kama nimeingiwa na mdudu.

Hapo mdogo wangu akamgeukia, sauti safi kabisa: "Dada kasema nikisema kikapuni mtaniona nina akili, halafu Mama hatalia."

Mama akavua miwani. Analia! Hajawahi kusikia sentensi nzima kutoka kinywa kile, na hii ilikuwa ndefu kuliko zangu darasani. Mtafiti akacheka mpaka akakaa kwenye zulia. Akamwambia Mama kwamba mtoto anayejua dada yake anataka watu waamini nini, huyo anafikiri sana. Akaongeza kuwa pale hakuna kufaulu wala kufeli. Hata jibu la kukosea linawaonyesha akili inavyofanya kazi. Mimi hakunigombeza. Aliniletea maji. Nikayapokea, nikainama kumshukuru.

Ijumaa, 7 Juni
Mama anaimba tangu asubuhi. Mdogo wangu anaongea mfululizo, mengi yakiwa mashtaka dhidi yangu. Nashukuru kwa yote, hata hayo. Mtafiti amepiga simu: turudi wiki ijayo, kuna mchezo mpya, na tafadhali sana nisimfundishe majibu sahihi. Mtu mwema namna ile! Lazima nimlipe wema wake. Si alisema mwenyewe kwamba majibu ya kukosea yanamsaidia? Basi leo tumeanza mazoezi ya kukosea. Mdogo wangu bado ananiponyoka na kupatia, lakini sijakata tamaa.