Sheria ya Babeli Ilipofika Kindu

Inatangazwa kwa wakaaji wote wa Kindu, ng'ambo hii na ng'ambo ile ya mto Lualaba, wenye viatu na wasio na viatu, kwamba kuanzia Jumatatu tarehe tatu Machi 1952, saa mbili kamili asubuhi, mji huu utahukumiwa kwa sheria ya Mfalme Hamurabi wa Babeli.

Tangazo hilo niliandika mimi, Anaclet, karani wa kwanza wa baraza la hukumu, kwa mwandiko wangu unaosifiwa mpaka Kibombo. Nalieleza jambo hili mwenyewe kwa sababu watu wa mjini wamelisimulia vibaya, tena wakicheka.

Hapakuwa na la kuchekesha. Bulamatari, yaani serikali ya Wabelgiji, ilikuwa imeamuru weusi wahukumiwe kwa mila. Amri nzuri kabisa. Lakini mila ya nani? Wakusu walisema yao ndiyo ya zamani. Warega walisema yao. Wagenya walisema mto ulikuwepo kabla ya wote, na wao walikuwemo ndani. Mkubwa wetu, Bwana Administrata Gérard, alichoka nao. Ndipo dada yake, Madamu Claire, alipomtumia kutoka Ulaya kitabu cha sheria zenye umri wa miaka elfu tatu na mia saba. Bwana akakata shauri papo hapo: kama mila ni jambo la zamani, basi iliyo ya zamani zaidi ndiyo mila zaidi. Sijapata kusikia hoja iliyonyooka namna hiyo.

Ndani ya kitabu mlikuwa na picha ya jiwe. Mungu wa jua ameketi kitini, na mfalme amesimama mbele yake akipokea sheria. Bwana akaagiza jiwe kama hilo, la saruji, lisimame karibu na bandari. Fundi Roger aliomba apewe watu wa kuiga sura zao. Bwana hapendi kusimama, kwa hiyo alichukua nafasi ya mungu. Nafasi ya mfalme ilibaki wazi, na kwa kuwa nilikuwa karibu, niliichukua mimi. Padri alikuja kulalamika juu ya mungu huyo. Mwalimu wa msikitini naye akaja saa ile ile, wakakutana mlangoni, wakakubaliana kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Bwana aliwatuliza. Aliwaambia huyu si mungu wa dini, ni mungu wa kiutawala.

Ilibaki shida moja tu: mahali pa jiwe palikuwa na nyumba.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Mama Philomène, mjane wa Kigenya, mwuza samaki wa kukausha. Marehemu mumewe aliijenga kwa mikono yake, na mtumbwi wake bado ulikuwa umening'inizwa chini ya paa. Mama hakuwa na kitu kingine duniani. Alikuja ofisini mara kumi na moja kuomba aachiwe, na kila mara nilimjibu kwa upole neno la kazi yetu: "Rudi kesho, Mama." Zote kumi na moja nimeziandika kwenye daftari.

Wakati huohuo jiwe lilikuwa limemwagwa kando ya ukuta wake, na kwa wiki tatu halikukauka. Ulikuwa mwezi wa mvua, na saruji ilikaa wazi usiku na mchana. Bwana alitafuta sababu ya kitaalamu akaipata: uchawi. Mshtakiwa, Mama Philomène. Mshtaki, Bwana Gérard. Hakimu, Bwana Gérard. Utawala mzuri hautumii watu wawili pale ambapo mmoja anatosha.

Sheria ya Babeli juu ya uchawi ni nyepesi. Anayeshtakiwa aingie mtoni, mungu wa mto aamue. Mto ukimchukua, mshtaki atatwaa nyumba yake.

Siku ya hukumu Mama alikuja na fimbo, akichechemea, kiko mdomoni.

"Bwana karani," akaniuliza, "hii sheria iko ya nani?"

"Njo ya mufalme wa Babeli, Mama."

"Na ule mufalme, yeye anajua Lualaba?"

"Hapana. Kule kwao iko muto ingine."

"Ah." Akavuta kiko. "Na sheria iko ya bantu yote, weupe na weusi, ao ya siye weusi tu?"

Bwana aliinuka nusu kutoka kwenye kiti cha mungu. "Ya bantu yote! Mufalme, mutumwa, yote! Karani, piga muhuri!"

Nikapiga muhuri kwenye hukumu.

"Basi vema," akasema Mama. "Miye nitaingia."

Hapa lazima niseme kitu. Bwana aliijua Lualaba kwa kuiangalia kutoka juu ya meli, akiwa na glasi mkononi. Kwake yeye mtu akitumbukia, basi, amekwisha. Hakujua kwamba Mgenya huoga mtoni kabla hajavaa nguo ya kwanza, na kwamba kumtisha Mgenya kwa maji ni sawa na kumtisha karani kwa wino. Mimi nilijua. Sikuulizwa.

Mji mzima ulishuka ufukweni, na kiti cha Bwana kikabebwa. Mama alinipa kiko na fimbo. "Unishikie," akasema, akajitupa majini, akazama.

Bwana alitazama saa yake. Dakika moja. Mbili. Alivua kofia kwa heshima, akanyoosha mkono nimpe hati ya nyumba. Ndipo kelele zilipotoka ng'ambo ya pili, upande wa Alunguli. Mama alikuwa ameshavuka. Tulimwona akisalimiana na dada yake Jacqueline, wakaongea, wakaendelea kuongea, kama wanawake wasio na kesi. Kisha akarudi akiogelea, na fungu la pilipili kichwani, kavu kabisa.

Alitoka majini bila kuchechemea. "Jacqueline anakusalimia," akaniambia. "Sasa, Bwana karani, usome sheria mupaka mwisho."

Nikasoma. Mto ukimtoa salama, mshtaki atauawa, na aliyetoka mtoni atatwaa nyumba ya mshtaki. Nilifurahi. Naikiri furaha hiyo hapa, ingawa haina fungu katika taratibu za kazi.

"Tubadilishe hukumu," akasema Bwana haraka.

"Bwana, iko sheria ya tano," nikasema, nikafungua ukurasa. "Hakimu akibadilisha hukumu iliyotiwa muhuri, ataondolewa kitini mbele ya watu, na hataketi tena."

Bwana akakishika kiti kwa mikono miwili.

Mama alimhurumia. "Miye sitaki muntu akufe. Mumuue kwa karatasi, inatosha."

Nilijaza cheti cha kifo namba kumi na nne. Sababu ya kifo: sheria. Bwana alikitia sahihi yeye mwenyewe kama hakimu, na hiyo ikawa sahihi yake ya mwisho akiwa hai. Aliendelea kuketi kitini, lakini maiti haitii sahihi, hivyo amri ya kubomoa nyumba ya mtoni ilibaki mezani mpaka mende wakaila. Nyumba ile Mama alimwachia Jacqueline. Mama mwenyewe alipanda mlimani kwenye nyumba ya Bwana, akawasha moto wa samaki barazani, na mimi nikahamishiwa huko, kwa kuwa karani hufuata mamlaka.

Marehemu Bwana aliandikia makao makuu ya jimbo kulalamika. Jibu lilikuja upesi: *Tumepokea cheti namba 14. Barua za marehemu hazipokelewi. Malalamiko yaletwe kwa sahihi ya mrithi wake.*

Na mrithi, kwa sheria ya Babeli, ni yule aliyetwaa nyumba.

Basi asubuhi moja marehemu alipanda mlima, kofia mkononi, kuomba sahihi. Alieleza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa mikono. Mama Philomène aligeuza samaki upande wa pili, akalitazama jua, mungu wa kiutawala, ambalo lilikuwa bado halijafika hata saa nne.

"Rudi kesho, Bwana," akasema kwa upole.

Nikafungua daftari ukurasa mpya, nikaandika: mara ya kwanza.