Kahawa ya Dani na Tumbo Langu la Saizi ya Ndizi

Ting. Ting-ting. Halafu kikabingirika polepole juu ya zege na kunyamaza.

Hicho ni kikombe cha bati cha Dani, bibi yangu aliyemzaa baba, kikigonga mkono wa jeneza lake mwenyewe. Jua linaelekea kuzama na bado nakisikia.

Wasichana, leo aibu imenivalisha gauni lenye mkia mrefu. Nimejianika mbele ya wachungaji wawili, kwaya, ukoo mzima, na watu wa soko la Kombewa waliokuja kula tu. Naandika mwenyewe kabla hamjatumiwa video.

Mnajua leo tulikuwa tunamzika Dani, nyumbani Seme. Mnajua pia kwamba nimekonda. (Msijifanye. Yale mliyoandika kwenye lile grupu lingine nimeyasoma yote. Mlisahau kwamba mlikuwa mmeniongeza.)

Basi ukweli ni huu. Mwaka juzi nilikuwa mzito kiasi kwamba kiti cha plastiki kilinivunjikia kanisani wakati wa maombi ya kimya. Ngazi za duka la vitambaa pale Kondele nilikuwa nazipanda kwa vituo viwili, kila kituo najifanya napokea simu. Na kahawa nilikuwa naimwaga ndani kama maji kwenye pipa. Januari, msimu wa kushona sare za shule, nilikunywa vikombe vitatu vikubwa usiku na bado nikasinzia juu ya cherehani. Dani alikuwa hivyohivyo. Nyeusi, sukari vijiko vinne, halafu analala kabla kikombe hakijapoa.

Miezi kumi iliyopita nikafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Haya, nimesema. Walikuja madaktari wageni wakawa wanafanya kwa bei nafuu. Nilitoa akiba niliyokuwa naiweka ya kununua mashine ya overloki, ya kuziba kingo za nguo, ile ya duka langu la magauni ya harusi ninalowasumbua nalo kila siku. Haikutosha. Dani akauza ng'ombe wake wawili kimyakimya, akawaambia watu wa nyumbani kwamba wameliwa na fisi. Anko Opiyo, mdogo wake marehemu baba, amemwinda huyo fisi miezi kumi. Amenunua tochi. Amenunua na mbwa.

Tulificha kwa sababu ya Mama. Dada yangu Akeyo alianza kwa kukonda. Nguo zikamlegea, mashavu yakaingia ndani, wakampeleka kupasuliwa. Aliingia kwa mlango mmoja akatolewa kwa mwingine, amefunikwa shuka. Mama akaapa kwamba hakuna mtoto wake mwingine atakayeguswa na kisu. Ndipo Dani akaniambia, "Wewe pona kwanza. Mama yako nitamwambia mimi." Wiki mbili zilizopita Dani alilala na hakuamka. Siri ikabaki kwa mtu mmoja, na mtu huyo ni mwoga.

Mama hajawahi kuniuliza kitu. Kila nikifika nyumbani ananiwekea ugali mkubwa kuliko kichwa changu na samaki mzima, halafu anakaa mbele yangu ananiangalia. Mimi nameza matonge matatu, akigeuka tu yaliyobaki namrushia mbwa wa Anko. (Ndiyo maana yule mbwa amenenepa hata hawezi kumkimbiza fisi ambaye hayupo.)

Sasa leo. Asubuhi sikula. Tumbo langu dogo likiwa na huzuni halipokei kitu, na mimi pia nilikuwa najikaza kwa sababu ndiye niliyechaguliwa kusema kwa niaba ya wajukuu. Nimekaa chini ya hema, nasikia nyuma yangu:

"Huyu ndiye Awuor?"

"Ndiye. Au tuseme ndiye aliyekuwa Awuor."

"Nimempa chai akakataa. Nimempa mkate akakataa."

"Akeyo alianza hivyohivyo."

Mama alikuwa viti viwili mbele. Hakugeuka. Lakini vidole vyake, vilivyokuwa vinakunja ncha ya leso, vilisimama.

Hapo ndipo Shangazi Rispa akaja na kile kikombe cha bati, kimejaa hadi ukingoni. "Nyathina, mtoto wangu," akaniambia, "utaongea na koo kavu namna hiyo? Kunywa. Nimekutengenezea kama yake, vijiko vinne."

Nesi wa pale nilipopasuliwa alikuwa ameshaniambia yote. Alisema: "Awuor, tumbo lako sasa ni saizi ya ndizi. Zamani kahawa ilikuwa inazunguka humo kama mgeni anayetafuta pa kukaa. Siku hizi haipati pa kukaa, inaenda moja kwa moja kwenye damu. Ukiitaka sana, iwe kikombe kidogo, baada ya kula, na uinywe polepole. Na usiijaze sukari ukiwa na njaa, utaona nyota mchana." Niliitikia kila neno. Hata nililiandika kwenye simu.

Lakini nilikuwa na ndoto yangu. (Mnanijua na ndoto zangu.) Niliona kwamba nikikikataa hiki kikombe, wale kina mama wa nyuma wamepata ushahidi. Na nikikinywa chote nimesimama, Mama akiniona, atajua sina ugonjwa. Basi nikasimama, nikakinywa mpaka chini. Nikajipangusa mdomo.

"Shangazi, niongezee," nikasema, kwa sauti ya mtu anayeuza mitumba.

Mama akageuka kuniangalia, na pembe moja ya mdomo wake ikainuka kidogo tu. Kwa ile pembe ya mdomo ningekunywa sufuria nzima.

Kikombe cha pili nilikimaliza nusu kabla Bwana Okello, aliyekuwa anaendesha programu, hajaniita. Nikaenda nacho mbele. Nikasimama kando ya jeneza, maiki mkono mmoja, kikombe mkono mwingine, karatasi nimeibana kwa kidole gumba. Nilijiona kama wale wa kwenye televisheni.

Sentensi ya kwanza ilitoka vizuri. "Dani alitufundisha kupenda watu bila kuwapima."

Sentensi ya pili, moyo ukaanza. Unajua cherehani ya umeme ukiikanyaga kwa bahati mbaya kabla hujaweka kitambaa? Hivyo. Trrrrr, bila uzi, bila breki. Nikasoma aya tatu kwa pumzi moja. Kwaya wakafikiri ni shairi, mmoja akapiga makofi. Karatasi ikatetemeka mpaka sioni herufi. Jasho likashuka likabeba poda yote, nikahisi uso unahama. Mkono wenye maiki ukaishiwa nguvu ukashuka hadi tumboni, na hapo, wasichana, spika mbili kubwa zikaitangazia Seme yote sauti ya tumbo langu.

Lilisema maneno marefu. Mchungaji wa kwanza akafumbua macho.

Kikombe kikanitoka. Ting. Ting-ting. Na mimi nikakifuata, nikalala kifudifudi juu ya jeneza la Dani, mikono nimeitandaza kama mtu anayepima kitambaa.

"Poleni, wapendwa," Bwana Okello akasema. "Huzuni imemzidi mjukuu."

"Si huzuni hiyo," akasema mama mmoja wa mbele, ambaye hakujua maiki imeangukia karibu na miguu yake. "Ni ule ugonjwa wa dada yake. Huyu naye anaenda."

Spika zikalipeleka hilo hadi barabarani.

Ndipo Mama akapiga nduru. Ile sauti naijua. Nimeisikia mara moja tu maishani, siku walipomleta Akeyo. "Awuor wangu! Hata wewe? Mnaniachia nani?" Wanawake wengine wakaipokea. Kwaya nao, ambao huwa wako tayari siku zote, wakaanza wimbo. Mimi niko pale nimelala, moyo unashona hewa, nasikiliza nikililiwa. Nilitaka kusema niko hai lakini ulimi ulikuwa mkavu kama kadibodi. Mtu akanigeuza, akawa ananipepea na karatasi ya programu, yenye picha ya Dani upande wa mbele. Dani akawa anakuja usoni mwangu na kurudi, anakuja na kurudi, ananitazama.

Alikuwa ameahidi kumwambia Mama yeye mwenyewe. Sasa hakuwa na jinsi.

Nikatambaa hadi kwenye maiki. (Ndiyo, nilitambaa. Kwa sketi niliyoishona mwenyewe, ikapasuka.) Nikasema, "Mama. Mama, nisikilize. Sina ugonjwa. Nilipasuliwa tumbo likapunguzwa, nilitaka mwenyewe. Dani alijua. Hii ni kahawa tu."

Halafu mzee mmoja wa nyuma akauliza, kwa upole kabisa:

"Kupunguza tumbo? Sisi tunatafuta cha kulijaza, wewe umetafuta wa kulipunguza?"

"Mwacheni, Mzee," mwingine akajibu. "Angalau ameokoa unga."

Kicheko kikaanzia huko nyuma kikaja mbele. Anko Opiyo akasimama, ameinua mkono kama mwanafunzi.

"Ngojeni kwanza. Pesa ya hospitali Dani alitoa wapi?"

"Ng'ombe, Anko."

"Ng'ombe wale?"

"Wale."

"Na fisi?"

"Hakukuwa na fisi, Anko."

Akakaa. Akavua kofia, akamtazama mbwa wake kwa muda mrefu. Hapo hata mchungaji alitoa leso ya mfukoni akajifunika uso, na mabega yake yalikuwa yanaruka. Nami, kabla sijapata nafasi ya kucheka, kikombe kimoja na nusu kikaamua kurudi kilikotoka. Kilitua karibu sana na viatu vya mchungaji wa pili. (Karibu sana ndiyo neno la heshima.)

Mama hakucheka. Alikuja akapiga magoti mbele yangu, akainua blauzi yangu pale pale mbele ya hema. Yale makovu ni madogo, vitundu vitano. Akavigusa kimoja kimoja kwa kidole, kama anatafuta cha sita.

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu, Mama."

"Na ukarudi."

"Nikarudi."

Akaligeukia jeneza. "Na wewe, Mama," akamwambia mama mkwe wake, "ukanyamaza nalo mpaka leo." Kisha akanishushia blauzi, akaninyoosha kola, akanizaba kofi moja la kisogoni. Kofi kamili. Maiki bado ilikuwa wazi.

Tukamzika Dani. Aliyebaki kusoma salamu za wajukuu ni binamu yangu, na hakuna aliyemsikiliza, watu walikuwa wanasubiri tu nianguke tena.

Baadaye chakula kikaanza kupakuliwa. Nikajificha nyuma ya jikoni, nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkono mmoja umeshika sketi iliyopasuka. Nilijua kinachokuja. Ugali wa saizi ya kichwa, samaki mzima, na Mama amekaa mbele yangu anahesabu matonge.

Akaja. Akaweka karibu na mguu wangu kisahani cha kikombe cha chai, kimefunikwa na kisahani kingine, akarudi kwa wageni bila kukaa. Nikafunua. Kipande cha ugali kama limau, na samaki kidogo aliyetolewa miiba yote, hata ile midogo inayochukua muda.

Nimejifunza nini? Ukitaka kuthibitisha kwamba huumwi, sema. Usinywe. Na mkiipata hiyo video, nawaomba mruke hadi kwenye kofi, kwingine kote ni tumbo langu linaongea.

Mbwa wa Anko alikuja akakaa mbele yangu akingoja fungu lake, kama kawaida. Nikanawa mikono. Nikatafuna kila tonge mpaka likaisha lenyewe mdomoni, jinsi nesi alivyonifundisha. Mbwa hakupata kitu. Nimekula yote, nikapangusa kisahani kwa kidole.