Gari la Mkataba na Bibi Harusi wa Chang'ombe

Jamani, leo sina uso. Ule niliotoka nao asubuhi nimeuacha Chang'ombe, mbele ya wasindikizaji wa harusi, bendi ya matarumbeta na jamaa mmoja aliyepanda juu ya tofali ili arekodi vizuri.

Nianze mwanzo, maana najua kwenye magrupu mengine mmeshasikia nusunusu, na hiyo nusu ni ya uongo. (Sikulia. Ilikuwa jasho.)

Mnajua nilikuwa nasubiri gari. Gari la mkataba: kampuni inakukabidhi, unalitumia huku unalipa kidogo kidogo, mkataba ukiisha linakuwa lako. Mnajua kwa sababu nimewaimbia wimbo huo mwezi mzima, nisameheni. Lakini kazi yangu ya mifugo inanipeleka minadani kila wiki, na nimechoka kurudi nyumbani na vumbi la Chemba hadi kwenye meno.

Walisema litafika Jumatano. Jumatano nikampigia Dickson, mfanyakazi wa kampuni anayekabidhi magari.

"Dada Mwana, usiwe na wasiwasi. Gari imeshatoka Dar."

Alhamisi: "Iko Morogoro, dada."

Jana: "Imefika Gairo."

Nikaanza kuamini linakuja kwa miguu.

Sasa, haraka yangu ilikuwa nini? Leo ilikuwa harusi ya Saumu, binti wa shangazi yangu Asha. Na mimi, bila kuombwa na mtu yeyote, nilikuwa nimesimama kwenye kikao cha harusi nikasema kwa sauti: "Bibi harusi atakwenda ukumbini na gari langu jipya!" Watu wakapiga vigelegele. Yule aliyekuwa amejitolea gari lake akakaa chini, akaliondoa kwenye orodha. Kwa hiyo gari lilikuwa moja tu, na lilikuwa Gairo.

Baba yangu alikuja jana kutoka Chemba kwa ajili ya harusi, lakini mwenyewe alikiri kwamba hasa alikuja kuliona gari. Siku hizi anatembea na fimbo, ila kwenye habari za magari humwambii kitu. Zamani alikuwa na pikapu la bluu la kubebea ng'ombe na mbuzi wa mnadani. Tuliliita Mtani, kwa sababu lilikuwa linatutania. Halikuwahi kuwaka lenyewe asubuhi.

Leo tukiwa tunakunywa chai hapa nyumbani kwangu Kikuyu, tunamsubiri Dickson, baba akaanza tena hadithi za Mtani. Na mimi nikamwacha aseme, maana nazipenda kuliko anavyojua.

Ilikuwa hivi. Asubuhi ya mnada, kabla jua halijachomoza, nyumba nzima tunatoka na baridi yetu. Mama anashika kona ya kushoto. Kaka Issa na kaka Hamisi wako katikati. Mimi, mdogo wao, nashika kona ya kulia, na kazi yangu kubwa ni kupiga kelele. Baba anakaa kwenye usukani, anatoa mkono dirishani na kuuinua juu. Mkono ukishuka, tunasukuma. Mtani anakohoa, anatoa moshi mweusi, anaruka kama beberu, na mimi napiga kelele: "Limeshikaaa!" Basi hapo ni mbio, kwa sababu baba hasimami! Akisimama linazimika, turudi mwanzo. Tunalikimbiza na kulidandia likiwa linakwenda. Mama alikuwa akiruka ndani na kanga zake mbili na beseni la maandazi ya kuuza mnadani, na hakuna andazi lililowahi kudondoka.

"Yule mama yenu!" baba akasema, akicheka na kikombe chake. Halafu akakitua kikombe. Mama alitutoka muda sasa.

Ndipo honi ikalia nje.

Nikatoka mbio. Nikakuta magari mawili. Moja analiendesha Dickson, jingine mwenzake, linakwenda kwa mteja mwingine kule Zuzu. Nikatafuta langu kwa macho. Nilichagua rangi ya fedha. Mapambo ya bibi harusi, maua ya waridi na utepe mweupe, tuliyanunua tukifikiria rangi ya fedha. Mbele yangu limesimama la rangi ya damu ya mzee.

"Kaka Dickson, hili ndilo langu?"

"Ndiyo hii, dada."

"Mimi nilichagua rangi ya fedha."

"Ya fedha ipo njiani."

"Njiani wapi?"

"Njiani tu, dada. Kwa sasa hii ndiyo imefika."

Ningegombana, lakini saa zilikuwa zimekwenda na bibi harusi alikuwa ameshakaa saluni. Nikasema basi. Nikabandika maua ya waridi kwenye damu ya mzee. Gari likafanana na keki iliyodondoshwa.

Dickson akaingia, akabonyeza kitufe. Gari likawaka kimya, kama halijawaka. Halafu kutoka kwenye dashibodi ikatoka sauti ya mwanamke, laini kabisa, ikasema maneno marefu ya Kijapani. (Ni gari lililotumika huko kwao. Jipya ni kwangu mimi.)

Baba, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele, akainamisha kichwa. "Marahaba, mama."

Nikamuuliza Dickson, "Anasema nini?"

"Hayo wala usiyajali. Gari zote hizi zinaongea. Funguo hamna kuchomeka, ukiwa nayo mfukoni inatosha, unabonyeza tu. Saini hapa, dada, mwenzangu ananisubiri."

Nikasaini. Akatoka, akakimbilia lile gari jingine, wakaondoka. Sikuzima injini. Ningeizimaje, wakati majirani wote walikuwa wamesimama vibarazani kutazama nikiondoka?

Tukaondoka. Hatujafika mbali, gari likaanza kulia: ti! ti! ti! Yule mama wa Kijapani naye akaongea tena, na safari hii aliongea sana. Kwenye dashibodi yakawaka maandishi mekundu kama matawi ya miti.

"Anakukumbusha mkanda," baba akasema.

Nikafunga mkanda. Likalia. Baba akafunga wake. Likalia. Nikaufunga na mkanda wa kiti cha nyuma, ambako hakukuwa na mtu. Ti! ti! ti!

"Labda limefurahi," nikasema.

"Labda," baba akajibu, lakini akaitazama dashibodi kwa jicho la mtu aliyewahi kudanganywa na gari.

Tukafika Chang'ombe kwa shangazi Asha. Msafara ulikuwa umeshapangwa. Mbele, pikapu la bendi, wapiga tarumbeta wamejaa nyuma mashavu yamevimba. Kisha nafasi moja tupu, yangu! Nikaingia hapo taratibu, watu wanapisha, nikabonyeza kitufe kuzima. Nikashuka kama waziri. Watu wakaja kulipiga picha. Mtu akauliza, "Mbona ulisema la fedha?" Nikajifanya sijasikia kwa sababu ya matarumbeta.

Saumu akatoka. Jamani, alipendeza! Tukalikunja gauni lake taratibu mpaka likaenea kiti cha nyuma. Shangazi Asha akapiga kigelegele. Bendi ikapandisha mdundo. Nikaingia, nikarekebisha kioo, nikabonyeza kitufe.

Ti.

Yule mama akasema neno moja. Fupi. Ndugu zangu, sijui Kijapani, lakini neno lile lilikuwa "hapana".

Nikabonyeza tena. Ti. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Nikabonyeza huku nasema Bismillah. Nikabonyeza na kubaki nimekandamiza, kama mtu anayepiga kengele kwenye nyumba yenye wadeni. Ti.

"Da Mwana," Saumu akasema kutoka nyuma, kwa upole wa bibi harusi, "kuna joto."

Vioo navyo havikushuka. Tukafungua milango, na milango ikileta hewa inaleta na wataalamu.

"Ni betri hiyo!"

"Betri gani, taa si zinawaka? Ni plagi."

"Mafuta yamo?"

"Ni jicho," akasema mama mmoja wa upande wa bwana harusi, na akanitazama kama jicho lenyewe ni langu.

Nikampigia Dickson. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Huko ukumbini bwana harusi ameshafika, mshereheshaji anapiga simu kuuliza kama bibi harusi amebadili mawazo.

Hapo baba akashuka. Akaiegemeza fimbo yake ukutani, akavua koti, akalikabidhi kwa shangazi Asha. Kisha akapaza sauti ile ya mnadani ambayo sijaisikia miaka mingi:

"Wote nyuma! Tunasukuma!"

"Baba, sidhani kama hili linasukumwa..."

"Kila gari linasukumwa. Kaa kwenye usukani. Leo nyuma nipo mimi."

Na watu wakaja. Wenye suti wakaja, wenye kanzu wakaja. Wapiga tarumbeta wawili wakashuka. Nikatazama kwenye kioo, nikamwona baba kona ya kulia, mahali pangu, kofia imekaa upande, amekunja mikono ya kanzu. Sijui nini kilinipata. Nikajikuta nimetoa mkono nje ya mlango, nimeuinua juu.

Watu wote wakautazama ule mkono.

Nikaushusha.

"Hiiiii... YA!"

Gari likaitikia kwa kichwa. Likainama mbele, likarudi. Halikusogea hata kidogo.

"Tena!"

"Hiiii... YA!" Kanzu ya mtu ikachanika, nikaisikia. Maua ya waridi yakaanguka. Saumu kule ndani akawa anapepesuka kama yuko juu ya ngamia. Na baba, bila gari kusogea, bila dalili yoyote, akapiga kelele: "Limeshikaaa!"

Wanaume wazima wakakimbia mbele kulidandia gari lililosimama.

Hapo simu yangu ikaita. Dickson! Kwa sababu ya bendi nikaweka sauti kubwa. Na kwa bahati yangu ninayoijua mimi mwenyewe, bendi ikakata wimbo wakati huohuo.

"Dada Mwana, samahani sana. Simu iliisha chaji. Nimeingiza mkono mfukoni nakuta funguo yako."

Ikasikika. Mtaa mzima.

"Uko wapi?" nikauliza, sauti ndogo.

"Nipo Zuzu. Lakini usijali dada, bila funguo haiwezi kuwaka, na hata magurudumu hayawezi kuzunguka. Haiibiwi hiyo!"

"Tunalisukuma," nikasema. Hata sijui kwa nini nilimwambia.

Dickson akafikiri. "Mnaisukuma inaenda wapi?"

Wa kwanza kucheka alikuwa shangazi Asha. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi na koti la baba mapajani. Nikadhani ananicheka mimi (alikuwa ananicheka mimi), lakini akawa anamwonyesha Saumu kwa kidole, machozi yanamtoka:

"Mwanangu, na mimi niliolewa kwa gari la kusukumwa! Muulize mjomba wako! Mtani aligoma pale pale Chemba, baba yako mwenyewe akashuka na kanzu yake ya harusi akasukuma. Alifika kwa shehe akiwa mweusi kama mkaa!"

"Na alisukuma vizuri," baba akasema kwa heshima, akipangusa uso.

Saumu akatazama gari, akatazama watu, akalikusanya gauni lake lote mikononi. "Basi mimi napanda na matarumbeta."

Wakampandisha kiti cha mbele cha lile pikapu la bendi, pembeni ya dereva, utaji unapepea dirishani. Msafara ukaondoka kwa kelele zote. Wakaniacha na damu yangu ya mzee katikati ya mtaa. Nilimwambia baba apande aende nao. Akakataa, akaingia akakaa kiti cha mbele.

Tukakaa. Kuku wakapita.

"Mtani alikuwa bora," akasema. "Akikataa, anakataa kwa lugha unayoielewa."

Nikacheka, ingawa sikutaka. Kisha nikamwambia samahani kwa kumsukumisha gari akiwa mtu mzima.

"Samahani ya nini?" akasema. "Mwanangu, zile asubuhi mimi nilikuwa nikitazama kwenye kioo. Kabla sijashusha mkono nawaangalia kwanza. Mama yenu pale. Issa, Hamisi. Wewe mdomo uko wazi kabla hata hatujaanza. Nilikuwa nachelewa kushusha mkono makusudi, ili nitazame kidogo zaidi." Akakirekebisha kioo cha upande wake, hakikuwa na kitu ila barabara. "Issa yuko Mwanza. Hamisi Uarabuni. Mama yenu tumemlaza Chemba. Leo nimesikia tena watu wanahema nyuma ya gari. Wewe acha tu."

(Sawa, hapo nililia. Kule kwingine kote ilikuwa jasho.)

Dickson alifika magharibi na pikipiki, ameushika ufunguo kwa mikono miwili kama anarudisha mtoto wa watu. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, lakini baba alikuwa ameshampokea: "Karibu, mwanangu, pole na safari." Maneno yangu yakaishia hapo. Nikabonyeza kitufe, gari likawaka, yule mama akasema hotuba yake ndefu, na baba akamwitikia.

Tuliingia ukumbini wakati sahani zinaondolewa. Nilipanga tupite pembeni kimyakimya. Mshereheshaji akatuona.

"Mabibi na mabwana! Wasukumaji wamefika!"

Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Saumu kule jukwaani anacheka mkono mdomoni. Mimi nikainama kutafuta kiatu ambacho hakikuwa kimepotea. Baba yeye akainua fimbo yake juu, akawapungia watu mpaka meza ya mwisho.

Video mnayo, najua mnayo, na najua aliyeituma. Sitagombana na mtu. Ila wale tunaofanya kazi pamoja nawaomba kwa heshima zote: Jumatatu nikipaki pale ofisini, kila mtu abaki kwenye kiti chake. Nitaingia na gari likiwa linawaka.